Mchana hataki ziwa, usiku haachii: binti yangu amenichoka?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa mkono mmoja, saa tisa usiku. Mkono wa pili umempakata binti yangu, ambaye ananyonya kwa mara ya nne tangu tulipolala.

Ana miezi mitano, ni mtoto wangu wa kwanza. Miezi mitatu ya mwanzo hakunipa shida. Akishashika ziwa hakubanduka mpaka macho yamefunga, hata watu wapige kelele vipi. Sasa mambo yamegeuka. Mchana anavuta mafunda mawili matatu, mlango unagonga, anaachia. Namrudisha, anavuta tena, anasikia sauti ya baba yake chumba cha pili, anageuza shingo, na chuchu anayo mdomoni, Shangazi, anageuka nayo! Mimi machozi yananitoka, yeye anacheka. Nikikohoa anaachia. Pazia likipeperuka anaachia. Mara nyingine maziwa ndiyo kwanza yanashuka, yeye keshageuka, yanamwagika usoni kwake na nguoni kwangu.

Ikifika usiku anakuwa mtoto mwingine. Ananyonya kila baada ya saa moja na nusu, ametulia tuli, kama mtu aliyeshinda na njaa. Mimi nimechoka mpaka nasahau nilichokuwa nasema.

Matiti yangu zamani yalikuwa yanajaa na kuvuja. Sasa ni laini kutwa. Mama mkwe, ambaye nampenda na amenisaidia sana, anasema maziwa yamekauka, mtoto anahangaika kwa sababu anavuta hapati kitu, na kwamba nimwanzishie chupa na vyakula. Shoga yangu naye anasema mtoto amejiachisha mwenyewe. Wiki iliyopita kliniki alikuwa na kilo 6.85. Wiki nne kabla alikuwa na kilo 6.4, na alizaliwa na 3.2. Mwanzoni alikuwa anaongeza karibu kilo nzima kila mwezi, safari hii hata nusu kilo hakufikisha. Nepi za mkojo nabadilisha sita au saba kwa siku. Ni mchangamfu, anageuka mwenyewe, anacheka na kila mtu.

Kuna jambo sijamwambia yeyote. Jumanne mchana, alipoachia sijui mara ya ngapi, nilimshika kisogo nikamkandamiza uso kwenye ziwa. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akajipinda mgongo kama upinde. Tangu siku ile, nikikaa kwenye kile kiti nikaanza kufungua vifungo, anaanza kulia hata sijampakata. Nimemharibu mwanangu? Amenichoka? Nianze tu chupa mchana?

Mama Binti

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuniamini na hilo la Jumanne. Nitaanza nalo, maana naona ndilo lililokukalisha macho hadi saa tisa kuliko hata mtoto mwenyewe.

Hujamharibu. Mtoto mchanga akibonyezwa kisogo, mwili wake hujibu wenyewe kwa kusukuma kichwa nyuma na kukunja mgongo. Haikuwa hasira juu yako. Alitafuta nafasi ya kuvuta pumzi. Mimi nilimfanyia hivyo hivyo mwanangu wa pili, kwa uchovu huo huo, naye akanililia vile vile. Ninachojua ni kwamba watoto wa umri huu huunganisha mambo haraka: kile kiti, vile vifungo, kile kilio. Na kwa kuwa huunganisha haraka, ukiwapa mazoea mapya huyashika haraka vile vile.

Kwa hiyo kiache kile kiti kwa siku kadhaa. Kaa kwingine, au lala. Mara moja kwa siku vua nguo ya juu, yeye abaki na nepi tu, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, na usimpe ziwa. Ongea naye, mwimbie, mchezee vidole. Ziwa liwe karibu na mdomo wake, na kama atalitaka alitafute mwenyewe, kama alivyofanya siku za kwanza za maisha yake. Na unapomnyonyesha, mkono wako ukae chini ya shingo na mabegani, kidole gumba na vidole vingine vikiegemea nyuma ya masikio. Kiganja kisipande kisogoni. Kichwa chake kikiwa huru kurudi nyuma kidogo, atatulia zaidi kwa sababu anajua anaweza kuachia akitaka.

Sasa haya ya maziwa kukauka. Umeniandikia ushahidi wote katika barua yako, ila uliuandika kama malalamiko. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2 akafikisha 6.4 kwa miezi minne amezidisha uzito wake mara mbili, na watoto wengi hufika hapo kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Gramu 450 kwa wiki nne ni zaidi kidogo ya gramu 110 kwa wiki. Kati ya miezi minne na sita watoto wengi wanaonyonya huongeza kama gramu 100 hadi 140 kwa wiki. Ile kilo nzima kwa mwezi ni ya mwanzo, haidumu. Kama ingeendelea hivyo, mtoto wa mwaka mmoja angekuwa mzigo usiobebeka. Ongeza na nepi sita au saba za mkojo kwa siku, na mtoto mchangamfu anayegeuka mwenyewe. Huyo anakula.

Na kulainika kwa matiti? Nasikitika hatuwaambii mama wachanga jambo hili mapema, kwa sababu wengi huacha kunyonyesha hapo hapo. Wiki za mwanzo titi hujaa si kwa maziwa peke yake. Damu na majimaji mengine ya mwili pia huongezeka humo, na maziwa hutengenezwa mengi kuliko mtoto anavyohitaji kwa sababu mwili bado haujamjua. Kadiri miezi inavyokwenda, mwili hujifunza hesabu yake. Unaacha kulimbikiza, na sehemu kubwa ya maziwa hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Ndiyo maana hayavuji tena. Isitoshe, kiasi anachonyonya mtoto kwa siku hakibadiliki sana tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita. Kwa wastani ni kama mililita 750 hadi 800, wengine chini ya hapo, wengine juu, na wote wanakua. Mwanao hahitaji maziwa mara mbili ya aliyohitaji akiwa na mwezi mmoja, ingawa uzito wake umeongezeka sana tangu hapo.

Basi kama maziwa yapo, mbona haachi kuhangaika? Kwa sababu ameanza kuona. Alipozaliwa aliona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka kwenye ziwa hadi usoni kwako. Dunia yake yote ilikuwa wewe. Ndiyo maana alitulia. Kuanzia mwezi wa nne hivi macho yamefika ng'ambo ya chumba, rangi anazitofautisha, kitu kikisogea anakifuata, sauti ya baba yake anaijua na anajua inatokea upande gani. Hebu fikiri: kila siku akiamka kuna kitu kipya ambacho jana hakikuwepo. Pazia lile limekuwa hapo miezi mitano, kwake yeye limening'inizwa wiki hii. Mtoto anayeachia ziwa atazame pazia ana akili inayofanya kazi yake sawasawa. Wengi hupita hapa kati ya mwezi wa nne na wa sita. Wengine hutulia kisha huanza tena karibu na mwezi wa nane au wa tisa, wanapojifunza kutambaa. Nakwambia mapema ili siku hiyo usije ukadhani umeharibu kitu.

Tena amekuwa fundi. Zamani alihitaji nusu saa au zaidi kupata alichotaka. Mtoto wa miezi mitano anaweza kumaliza kwa dakika 5 hadi 10. Kwa hiyo si kila anapoachia amekatizwa. Mara nyingine ameshiba, na wewe unayemrudisha ndiye unayeanzisha ugomvi. Mtazame mikono: mwenye njaa hukunja ngumi na kuzileta mdomoni, aliyeshiba vidole hufunguka na mkono hulegea. Akiachia huku anatabasamu, mikono imelegea, funga vifungo, mkae mcheze. Baada ya nusu saa mpe tena. Hakuna sheria inayosema lazima anyonye mara sita kwa kirefu wakati anaweza kunyonya mara kumi kwa kifupi.

Na usiku analipa deni la mchana. Tumbo lake halitofautishi jua na mwezi, linahesabu saa 24 kwa pamoja. Usiku chumba ni giza, hakuna anayeongea, wewe umelala kimya. Kila kinachomkatiza mchana hakipo. Na mwili wako uko upande wake: prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku. Ukitaka apunguze usiku, usianze kumkatalia usiku. Rudisha mafunda ya mchana kwanza, polepole, na usiku utajipunguza wenyewe kiasi fulani. Sikuahidi usiku mzima wa kulala. Katika umri huu mtoto kuamka mara mbili tatu anyonye ni kawaida.

Kuyarudisha ndiko kwenye kazi. Jaribu hivi: usimnyonyeshe akiwa macho kodo katikati ya watu. Mnyonyeshe akiwa pembeni mwa usingizi. Anapoamka, kabla hajafungua macho vizuri, mnyanyue moja kwa moja hadi kwenye ziwa, hata nepi ingoje. Na kabla hajalala, anapoanza kujisugua macho. Mtoto wa miezi mitano hulala mara tatu hivi mchana, kwa hiyo ukiamkia na kulalia ziwa una nafasi tano sita za kunyonya vizuri ambazo hazihitaji kupigana na pazia lolote. Mimi naamini hili peke yake litakusaidia kuliko mengine yote nitakayokuambia.

Katika nafasi hizo, chumba kiwe na giza kidogo. Funga mlango. Simu iache chumba kingine, na usinijibu kwamba umeizima sauti, maana mwanga wake tu unamtosha kugeuza shingo. Lala ubavu, yeye naye ubavu, mkiangaliana, tumbo kwa tumbo. Mtoto aliyelala hivyo ana vitu vichache vya kutazama kuliko aliyepakatwa kwenye kiti. Usiongee naye, hata kwa upendo, kwa sababu wewe nawe ni kivutio. Wako wanaotulia mama akivuma wimbo mmoja ule ule kwa sauti ya chini, na wengine huacha ziwa waimbe naye. Utamjua wako. Kumbuka tu, ukinyonyesha umelala nawe una usingizi wa siku tano, kiwe kitanda chenye godoro gumu, mito na mablanketi mazito mbali na uso wake, na isiwe kochi kamwe. Usingizi wa kochini na mtoto ni hatari kweli.

Wengine hutulia wakipata kazi ya mikono. Vaa mkufu wa shanga kubwa zilizofungwa imara, au mwachie ashike ukingo wa nguo yako. Mkono ukiwa na shughuli, jicho hutangatanga kidogo. Wengine hunyonya vizuri mama akitembea naye taratibu, au akiwa amefungwa kifuani kwa mbeleko. Kumfunika kwa mtandio wengine hukubali, na wengine huufanya mchezo wa kuuvuta. Ukiona vita, uondoe.

Kuhusu yale maziwa yanayoshuka yeye akiwa keshageuka: anakosa subira ya zile sekunde za mwanzo. Kabla hujampa, kanda titi taratibu na ukamue kwa mkono mpaka uone yanaanza kutiririka, kisha mpe. Atakuta mdomo unajaa papo hapo. Akianza kupunguza kasi, libinye titi kwa upole kwa kiganja kizima, ushikilie anapovuta, uachie anapopumzika. Maziwa yakianza kutiririka tena, na yeye hurudi.

Kwa chuchu inayovutwa, kidole chako kidogo kikae tayari. Ukiona macho yameanza kutoka kwako, au kiwiliwili kimeanza kugeuka, kiingize kwenye pembe ya mdomo wake ukate mvuto kabla hajaondoka nayo. Usimvute tu, utaumia zaidi. Akiuma, mkaribishe kifuani kidogo, ataachia ili apumue, kisha ziwa lifungwe kwa dakika chache bila kelele. Ukipiga yowe kubwa, mtoto mmoja ataogopa ziwa na mwingine ataona ni mchezo, atarudia.

Kwa sababu mchana anaruka kunyonya, jichunguze na wewe. Ukihisi donge gumu linalouma, kamua kidogo kwa mkono mpaka upate nafuu, usikamue mpaka kuisha. Ngozi ikiwa nyekundu na moto, na homa ikakupanda, nenda ukaonwe.

Jambo jingine ambalo hukuniuliza. Kama unategemea kunyonyesha kuzuia mimba, njia hiyo hufanya kazi mtoto akiwa chini ya miezi sita, hedhi ikiwa haijarudi, na akinyonya maziwa ya mama tu, bila kupita muda wa zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku kati ya kunyonya na kunyonya. Mtoto anayeruka mchana anaweza kukuvurugia hesabu hiyo bila wewe kujua. Zungumza na muuguzi upate njia nyingine, umwambie unanyonyesha, kwa kuwa zile zenye homoni ya estrojeni zinaweza kupunguza maziwa.

Nisingekuwa mkweli nikikuambia kila mtoto anayeachia ziwa anatazama pazia. Huyu wa kwako anacheka, anakojoa, anaongezeka, na usiku ananyonya kwa utulivu. Hilo la usiku ndilo linalonipa amani zaidi, kwa sababu mtoto anayeumwa sikio au mwenye utando mweupe mdomoni huumia mchana na usiku, na mwenye pua iliyoziba hushindwa kunyonya hata gizani. Mtoto akikataa ziwa ghafla saa zote, akalia anapomeza, akawa na homa, mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo. Na akikaa saa nane bila mkojo, mdomo ukawa mkavu, utosi ukabonyea, au akalegea na kusinzia kiasi cha kutoamshika, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, iwe usiku au mchana.

Shoga yako mwambie kwa upendo kwamba mtoto kujiachisha mwenyewe kabla ya mwaka mmoja ni nadra sana. Anayejiachisha hupunguza kidogo kidogo, usiku na mchana, akiwa tayari anakula vyakula vingine vizuri. Hamwamshi mama yake mara nne kwa usiku mmoja kumwomba ziwa.

Mama mkwe sitaki umjibu kwa ubishi. Ametazama mtoto akivuta na kuachia, matiti yamelainika, akaona njaa. Nani asingeona hivyo? Na amesema kwa kumpenda mjukuu. Lakini chupa mchana itafanya kile kile anachokiogopa. Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kila chupa ya mchana ni ujumbe kwa mwili wako kwamba mchana maziwa hayahitajiki, na baada ya wiki chache maziwa yatapungua kweli, na kila mtu atasema alijua. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata maji, kisha vyakula vya nyongeza huku kunyonyesha kukiendelea hadi miaka 2 na zaidi. Umebakiza mwezi mmoja. Mtoto huyu hana upungufu wa chakula, ana wingi wa vitu vya kutazama.

Mwonyeshe kadi ya kliniki, mhesabu nepi pamoja. Kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Kila baada ya ziwa la alfajiri amchukue mjukuu wake kwa saa moja, wakatazame mapazia, milango na paka wote wanaowataka. Wewe ulale. Kwa uchovu uliouandika, hilo nakuombea kama dawa. Atakapoanza kujisugua macho, akuletee chumbani, mlango ufungwe, muanze tena.